Keychron V1 kwenye vumbi la Dodoma: swichi ipi ikae chini ya herufi A

Keychron V1 ni kibodi ya waya yenye mpangilio wa asilimia 75: mstari wa F1 hadi F12 upo, mishale ipo, ila namba za upande wa kulia hazimo. Mhasibu anayejaza majedwali kutwa nzima asihangaike nayo, atazame V6 yenye namba zote. Kwa anayeandika barua, taarifa na mihtasari ya vikao, kazi ambayo ofisi za Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, hazijawahi kuishiwa, inafaa: meza inabaki na nafasi ya mafaili na kipanya kinakaa karibu na mkono.

Sababu kubwa ya kuichagua ni kwamba swichi zake, vile vipande vilivyo chini ya kila kitufe, huchomolewa na kuchomekwa bila kushika sodaringi, chuma cha moto cha kuyeyusha risasi. Swichi ya kitufe kimoja ikifa, unabadilisha hiyo moja. Ukichoka na aina nzima, unabadilisha zote, na kibodi inabaki ileile.

Inauzwa na swichi nyekundu, kahawia au bluu. Rangi hizi zilianza kwa kampuni ya Cherry ya Ujerumani na watengenezaji wengine wamezifuata. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo. Ile ya Cherry hushika herufi kwa nguvu ya takriban gramu 45, kitufe kikiwa kimeshuka milimita 2 kati ya 4. Kahawia ina tuta dogo njiani, kwa hiyo kidole kinajua herufi imeingia kabla ya kugonga chini. Bluu ina tuta pamoja na mlio, na ni nzito kuliko zote, karibu gramu 60. Katika ofisi ya watu sita, bluu ni ugomvi. Na ukiandika huku kinasa sauti kikiwa meza hiyohiyo, utakuja kusikia kibodi kuliko mwenyekiti. Anayetaka ukimya atafute nyekundu za kimya, zenye vipande vya mpira laini ndani. Cherry wanazo, za gramu 45 vilevile.

Mapitio mengi ya kibodi hupima kwa Kiingereza, ambako E ndiyo inayopigwa zaidi. Kwetu ni A. Sentensi "Wananchi wanatakiwa kufika mapema" ina herufi 30, na tisa kati ya hizo ni A. E imo mara moja tu. A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana swichi nzito, ambayo mwandishi wa Kiingereza anaivumilia, humchosha mwandishi wa Kiswahili kabla ya saa sita mchana. Pendekezo letu: kahawia kibodi nzima, na nyekundu moja chini ya A. Wapo wanaokereka na mchanganyiko huo. Hao waweke nyekundu kote. Na kwa kuwa Q na X karibu hazitumiki katika Kiswahili, swichi zake ni akiba iliyo tayari: A ikianza kusumbua, ibadilishane nafasi na ya Q.

Dalili ya kwanza ya usumbufu ni herufi kujirudia. Kibati cha mguso ndani ya swichi kikichafuka, mbonyezo mmoja husomeka miwili. "Kufa" inageuka "kufaa", na hakuna programu ya kusahihisha itakayokamata, maana yote mawili ni maneno halali. Chanzo kikuu hapa ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma ni kavu, upepo unavuma, na swichi ya kawaida iko wazi pembeni mwa shina lake, sehemu inayoshuka kitufe kikibonyezwa. Vumbi hushukia humo na nyekundu ndiyo huonyesha mapema, kwa kukwaruza. Kwa hali hii swichi za Kailh Box zinastahili gharama ya ziada: mguso wake umefungiwa ndani ya kisanduku, na mtengenezaji anazipa kiwango cha IP56 dhidi ya vumbi na maji. Zinaingia kwenye V1 bila marekebisho.

Wanaopenda kupaka grisi, mfano Krytox 205g0, wapake nyembamba mno, kwa brashi ndogo, kwenye reli, yaani kuta ambazo shina huteleza juu yake, na springi tu. Ikizidi inanasa vumbi na kuwa tope. Ikigusa miguu ya shina la kahawia, tuta linapotea.

Kubadilisha: chomoa waya kwanza. Ng'oa kifuniko cha herufi, kisha bana swichi kwa kibano chake upande wa juu na wa chini, palipo na vishikizo, uvute wima. Kabla ya kuchomeka mpya, angalia pini mbili za shaba. Zote ziwe zimenyooka. Ikikataa kuingia usisukume. Pini iliyopinda hujikunja chini na kitufe hakifanyi kazi, jambo dogo linalomalizwa na kibano cha nyusi. Ukilazimisha, soketi hung'oka kwenye bodi, na hapo ni fundi wa simu na sodaringi yake.

Usafi: pindua kibodi, piga brashi laini ya rangi, na vifuniko uvioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke kabisa. Kompresa ya gereji iache. Hewa yake ina unyevu na inasukuma vumbi ndani zaidi. Spiriti usiimwage ndani ya swichi, huondoa grisi na kuacha uchafu.

Lililotukera ni taa. Ipo, lakini herufi kwenye vifuniko hazipitishi mwanga, kwa hiyo umeme ukikatika usiku unaona rangi nzuri na husomi kitu. Kibodi pia ni ndefu kwenda juu. Bila kiegemeo cha kiganja, kifundo cha mkono kinalalamika. Vifuniko vyenyewe ni vya PBT, plastiki ngumu, na having'ari kwa mafuta ya vidole upesi.

Kilichotufurahisha ni VIA, programu ya kupanga vitufe. Mpangilio hukaa ndani ya kibodi yenyewe, hivyo unafanya kazi hata kwenye kompyuta ya ofisi isiyoruhusu kuweka programu. Tuliweka "ng'" nzima kwenye Caps Lock.

Ukiagiza swichi za ziada, chukua 90: V1 ina vitufe zaidi ya 80, na zinazobaki zikae kwenye kopo lenye mfuniko.