TAHADHARI: Anachukua nyaya halisi za dashibodi ya Charger yako, anakurudishia za alumini zilizopakwa shaba

Wakuu, salaam. Niko Houston, Texas. Ujumbe huu nawaandikia ndugu zetu wa huku Marekani wanaofufua magari ya zamani, na pia wale wa Dar, Nairobi na Mombasa wanaoagiziwa vipuri vya aina hii na jamaa zao. Kuna mtu anajitangaza kuwa anatengeneza upya mafungu ya nyaya za dashibodi za Dodge, Plymouth na Chrysler za miaka ya 1960 na 1970. Mimi amenila dola 520. Fedha ningeweza kuimeza nikanyamaza. Kinachoniuma ni kwamba amebaki na fungu langu halisi lililotoka na gari kiwandani, na alichonirudishia kilianza kuungua nikiwa barabarani usiku, binti yangu amekaa pembeni yangu.

Gari ni Dodge Charger ya 1969, injini ya 318, yaani inchi 318 za ujazo. Nyaya zake za dashibodi zilikuwa zimechoka kweli. Plastiki imekuwa ngumu, ukiukunja waya unalia kama ganda la yai, na mwenye gari aliyenitangulia aliunga sehemu mbili kwa vile vikofia vya plastiki vya kuungia umeme wa nyumbani. Nikaamua nifanye kazi moja ya maana: fungu lote litoke, lisukwe upya kwa rangi zilezile za kiwandani, lirudi. Tulilitoa mimi na binti yangu kwa wikendi mbili. Yeye alikuwa anaweka doa la rangi yake ya kucha kwenye kila plagi tunayochomoa, doa jeupe kwa upande wa kushoto, la zambarau kwa upande wa kulia, ili tusipotee wakati wa kurudisha.

Wasiolijua gari hili wanaweza kuona ni nyaya tu, kama nyaya za redio. Sivyo. Magari ya Chrysler ya enzi zile yalikuwa na amita kwenye dashibodi, ile geji ambayo mshale wake unaonyesha kama betri inachajiwa au inanyonywa. Ili mshale usome, umeme wenyewe unapitishwa kwenye geji. Waya mnene mwekundu unatoka upande wa betri, unapenya ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, unaingia hadi nyuma ya amita na kufungwa kwa nati. Upande wa pili wa amita unatoka waya mweusi wa unene uleule, unapenya tena ukuta na kwenda kwenye altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka. Katikati ya waya huo mweusi, ndani kabisa ya fungu, kiwandani waliunga nyaya kadhaa kwa kuziyeyusha pamoja, na hapo ndipo swichi ya funguo, swichi ya taa na boksi la fyuzi vinapochota. Ukiondoa stata, karibu umeme wote wa gari unaingia na kutoka kwenye dashibodi, sentimita chache kutoka kwenye magoti yako.

Nyaya hizo mbili ni saizi 12 kwa vipimo vya Marekani, yaani shaba ya takribani milimita za mraba 3.3. Upande wa injini kuna kipande cha waya mwembamba zaidi, saizi 16, kilichowekwa makusudi ili shoti ikipiga kiungue chenyewe na kuokoa kilichobaki. Shikeni hilo, nitalirudia.

Huyu bwana nilimpata kupitia tangazo lenye picha safi sana: mafungu yamesukwa vizuri, rangi zina mistari yake, plagi mpya. Simtaji jina kwa kuwa nimekwisha kulipeleka shauri kwa wahusika, ila mwenendo wake nitauweka wazi. Kwanza anakuomba fungu lako la zamani, anasema bila hilo hawezi kupata vipimo. Pili, anataka alipwe yote kabla, kwa PayPal, ila kwa ile njia ya kutumiana familia na marafiki, akidai anakuondolea makato. Tatu, ni mpole mno. Anakuuliza habari za gari, anakusifia, anakutumia picha ya "kazi yako ikiendelea". Mimi alinitumia picha tatu za namna hiyo. Baadaye nilizitafuta mtandaoni kwa kutumia picha zenyewe, nikakuta mbili ni za mtu mwingine kabisa, za miaka kadhaa nyuma, na gari lenyewe ni Coronet, Dodge ya aina nyingine.

Aliniahidi wiki nne. Zikawa kumi na moja. Kila nikiuliza, ana sababu: plagi hazijafika, mkewe anaumwa, mashine ya kubana vichwa vya nyaya imeharibika. Nilimwonea huruma. Boksi lilipofika nilifurahi hata sikuuliza fungu langu la zamani liko wapi. Nilipouliza siku iliyofuata alijibu kwamba lilikuwa limeoza, amelitupa. Tangu hapo simu yake haipatikani na tangazo limefutwa. Wiki iliyopita nimeona picha zilezile kwenye tangazo jingine, jina jingine, jimbo jingine. Ndiyo sababu nimeandika leo.

Fungu lenyewe kwa macho lilikuwa zuri. Jepesi, lakini nikadhani ni plastiki za kisasa. Nikalifunga, kila kitu kikawaka, tukapiga makofi. Usiku wa tatu tukatoka kwenda kula. Taa nne za mbele zimewaka, feni ya hita inazunguka. Baada ya kama dakika ishirini nikaona mshale wa amita unatetemeka na taa za geji zinafifia kila nikikanyaga breki. Binti yangu ndiye aliyesikia harufu kwanza. "Baba, kuna kitu kinanuka kama sahani ya plastiki jikoni." Nikaegesha kando, nikafungua boneti, nikachomoa waya wa betri kwa mikono mitupu. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka juu ya pedali.

Kesho yake nililichana lile fungu mezani. Waya mwekundu wa amita nje ulikuwa na unene wa saizi 12 sawasawa. Nikaumenya. Plastiki nene kama ganda la muhogo, na ndani uzi wa chuma mwembamba, kwa kipimo changu haufiki hata saizi 16. Nikachukua wembe nikaukwaruza uzi mmoja: rangi ya shaba ikatoka kama unga, chini yake ukang'aa mweupe kama karatasi ya kufungia nyama choma. Alumini iliyopakwa shaba. Nikaupeleka kwenye moto wa kiberiti cha gesi, ukalegea na kudondoka. Uzi wa shaba tupu wa unene ule ule, niliuchukua kwenye waya wa zamani uliobaki gereji, ukawa mwekundu tu na kubaki umesimama. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, shaba kwenye 1,085.

Mnaona sasa hatari yake? Kile kipande kilichowekwa kiungue kwanza kilikuwa kimeachwa kinene kuliko waya kinaoulinda. Fyuzi ikawa ni dashibodi yangu. Na ile sehemu ambayo kiwandani waliyeyusha nyaya pamoja, yeye alizisokota kwa vidole na kuzungushia utepe mweusi. Hakuna risasi ya kulehemu, hakuna kibanio, hakuna kitu. Hapo ndipo palipokuwa pameungua zaidi. Alumini ikibanwa kwenye kichwa cha shaba hulegea kadiri inavyopata joto na kupoa, na ikipata unyevu inaliwa. Kadiri kiungo kinavyolegea ndivyo kinavyozidi kupata joto.

Fundi wangu wa kwanza, pale Ilala, alikuwa haungi waya mpya kabla ya kuukwaruza kwa kisu, hata kama ameununua duka analolijua miaka yote. Nyaya hizi zilizochakachuliwa ziko kila mahali, hasa kwenye nyaya za spika na vikuza sauti vya magari, na sumaku haikusaidii kuzitambua maana haishiki shaba wala alumini. Uzito unasaidia: kwa ujazo uleule, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Kwa hiyo fungu likifika, kabla hujalifunga, omba ruhusa ya roho yako umenye milimita tano kwenye waya mnene na ukwaruze. Mwuzaji wa kweli hatakasirika. Muulize pia anatumia waya wa aina gani. Anayeijua kazi atakujibu papo hapo: GPT, ambao plastiki yake ni ya kawaida, au GXL na TXL, ambazo ganda lake huhimili hadi nyuzi joto 125. Wangu nilipomuuliza alijibu "ubora wa juu kabisa" nami nikaridhika.

Ukishafunga, usiishie kuona taa zimewaka. Washa taa za mbele na feni, weka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaoingia swichi ya taa. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna mahali umeme unapotelea na kugeuka joto. Papasa kwanza ile plagi kubwa inayopenya ukuta wa injini, hata kama nyaya zako ni nzima, kwani vichwa vyake ni ugonjwa wa kale wa magari haya.

Kuhusu fedha, ile njia ya familia na marafiki ya PayPal haina ulinzi wowote wa mnunuzi. Niliwapigia, wakanieleza hivyo hivyo, na kweli imeandikwa kwenye masharti yao. Lipa kwa kadi ya mkopo, na uhesabu siku: sheria ya hapa Marekani inakupa siku 60 tangu taarifa ya kadi itumwe kuandika malalamiko. Na mtu anayeuza kwa posta au mtandao bila kutaja tarehe ya kutuma mzigo anatakiwa autume ndani ya siku 30, la sivyo akuombe ridhaa au akurudishie fedha. Mimi sikulijua hilo la siku 30 hadi nilipokuwa najaza fomu za malalamiko. Nimejaza tatu, kwa FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, kwa kitengo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni kinachoitwa IC3, na kwa wakaguzi wa posta, kwa sababu mzigo ulipita posta.

Fungu halisi usilitume kwa mtu yeyote usiyemjua kwa macho. Lipige picha, lipime, lichore kwenye ubao wa mbao kwa misumari, ulitunze hata kama limechoka. Limedumu kwenye gari miaka zaidi ya hamsini na ndilo ramani pekee ya gari lako jinsi lilivyotoka.

Langu nalitafuta. Naamini hakulitupa, mafungu halisi yanauzika. Ni la Charger ya 1969. Karatasi ndogo ya kiwandani bado imeshikilia karibu na plagi ya boksi la fyuzi, imechanika kona moja. Waya wa kijani umeungwa kwa kikofia cha njano. Na kwenye kila plagi kuna doa la rangi ya kucha, jeupe kushoto, la zambarau kulia. Ukiliona linauzwa popote, tafadhali usilinunue, piga picha ya tangazo na uniambie.