Mpiganaji wa kusimama: abaki na ngumi zake au ajifunze pia kupigana chini?

Wanaotetea mieleka ya chini hukimbilia kutaja UFC ya kwanza, mashindano ya kupambanisha mitindo tofauti ya mapigano, Denver, Marekani, Novemba 1993. Bondia Art Jimmerson aliingia ulingoni na glovu mkono mmoja tu. Royce Gracie, Mbrazili wa jiu-jitsu (mapigano ya chini), akamwangusha, akamkalia juu, na Jimmerson akasalimu amri. Mfano mzuri, ila pale walikuwa wawili tu, na refa yupo.

Mtaani, kusimama kuna faida yake: ukiwa chini umemkaba mmoja, rafiki yake anakupiga teke la kichwa. Lakini ukishakumbatiwa kiuno, hata teke lako kali halina nafasi. Aliyezoea mkeka huchomeka goti katikati, husogeza nyonga pembeni na kuinuka. Asiyezoea hulala chali na kumsukuma mwenzake kwa mikono iliyonyooka, yaani anampa kiwiko akivunje.

Kwa gharama, ngumi ni nafuu: bendeji, glovu, gunia, na hata peke yako unafanya mazoezi. Chini kunataka mikeka na mwenzako wa kukabana naye kila siku. Kwa mwili, ngumi huumiza ubongo. Chini huumiza magoti, vidole na masikio.

Bondia wa mashindano asipoteze jioni zake huko. Anayelenga MMA, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, hana hiari. Anayetaka kujilinda tu, ajifunze kuzuia kuangushwa na namna ya kuinuka haraka. Mikabo ya mbwembwe aiache.