Yamaha BW80: pikipiki kongwe ya matairi manene kwa anayeanza

Nimetumia mchana mzima kuikagua Yamaha BW80 iliyotangazwa kuuzwa, na kwa kuwa pikipiki za aina hii huonekana sokoni kwa nadra, nimeona vyema nieleze nilichokikuta. Yamaha ilianza kuitoa mwaka 1986, baada ya kaka yake mkubwa, BW200, na haikudumu kiwandani miaka mingi. Ndiyo maana iliyobaki na vipuri vyake vya asili, kama hii, huwasisimua wanaozipenda, nami nikiwemo.

Matairi yake ni mapana na hujazwa upepo kidogo tu, hivyo huutandaza uzito wa pikipiki juu ya ardhi, na mchanga ambao ungelimeza gurudumu jembamba huvukwa pasipo kuhangaika. Mtoto anayejifunza hunufaika zaidi anapokwenda polepole, kwa sababu pikipiki haiyumbi ovyo chini yake. Matairi hayo, hata hivyo, hudunda: kwenye matuta yanayofuatana, upepo uliomo husukuma juu kama springi isiyo na kizuizi, na anayezidisha mwendo hurushwa kitini.

Injini ni ya mipigo miwili, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli, yenye ujazo wa cc 79, na huwashwa kwa kiki. Ina gia tatu zinazobadilishwa kwa mguu, lakini haina mkono wa klachi, kwa kuwa klachi hujishika yenyewe injini inapoongeza mzunguko. Mpangilio huu naupenda mno: mwanafunzi anajifunza gia kwa kweli, huku akiepushwa na kuzimikiwa kila anapotaka kuondoka.

Niliposhughulika zaidi ni kwenye pampu ya oili. Oili hukaa katika tangi lake la pekee, na pampu ndiyo huipeleka kwenye injini; ikikwama, pistoni hukauka na kung'ang'ania ndani ya silinda. Tangi lililojaa, basi, si ushahidi wa lolote. Kwa idhini ya mwenyewe tulichanganya oili kidogo ndani ya petroli, ili injini isikauke endapo pampu ni mbovu, tukawasha, tukautazama mrija wa oili hadi tulipoona kipovu cha hewa kikisogea taratibu kuelekea injini. Pampu ilikuwa nzima.

Breki, cheche ya plagi na mnyororo havikunipa shaka. Tairi la nyuma ndilo lililonisikitisha: mpira umekakamaa na ubavuni una nyufa ndefu, na saizi yake si ya kuokotwa katika duka lolote la pikipiki. Nimemwambia muuzaji kwamba nitainunua endapo bei itapunguzwa kwa kiasi cha tairi jipya, na kwamba hakuna mtoto atakayeipanda kabla tairi hilo halijabadilishwa.