Makumbusho ya Etnolojia, Addis Ababa: anzia hapa, Lucy atakusubiri

Karibu kila niliyemwambia kuwa naenda Addis Ababa kwa mara ya kwanza aliniambia nianze na Lucy, ile mifupa ya kale ya kiumbe wa ukoo wa binadamu iliyoko Makumbusho ya Taifa. Sikuwasikiliza. Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, ana miaka milioni 3.2, akisubiri hadi mchana hapungukiwi kitu. Panda kwanza hadi eneo la Sidist Kilo, ingia Chuo Kikuu cha Addis Ababa, uliza Makumbusho ya Etnolojia.

Jengo lenyewe lilikuwa kasri la Haile Selassie. Desemba 1960, mfalme akiwa ziarani Brazil, kikosi chake cha ulinzi kilijaribu kumpindua, na vigogo walioshikwa mateka wakapigwa risasi humu humu. Mwaka uliofuata akalitoa kasri liwe chuo. Chumba chake cha kulala na bafu lake vimeachwa vionekane, na wageni wengi hukimbilia huko kwanza. Mimi nilipita haraka. Kitanda ni kitanda.

Nyota zote tano nazitoa kwa mpangilio wa vitu. Tumezoea makumbusho yanayowapanga watu kwa makabila, kila kabila na kabati lake, mkuki na kibuyu. Hapa wamefuata umri wa binadamu: utoto, utu uzima, kisha kifo na yale yanayokuja baada yake. Kwa hiyo unakutana na watoto wa pande zote za nchi kabla hujajua nani ni nani, na ukifika kwenye mazishi unakuwa umeshawazoea. Nilisimama sana hapo kwenye utoto. Juu zaidi kuna picha takatifu za kanisa na ala za muziki, masenko yenye uzi mmoja na begena kubwa ya kuombea. Ukitoka, jiji linasomeka: shuka nyeupe za wanawake wanaokwenda kanisani, mtungi wa kahawa pembeni ya mlango, vyote umeshajua vinakaa wapi katika maisha ya mtu.

Usiondoke bila kutazama ngazi za zege zilizosimama nje, zisizofika popote. Waitalia walizijenga wakati wa uvamizi, kila kidato mwaka mmoja tangu Mussolini aingie madarakani 1922. Baadaye Waethiopia wakamweka Simba wa Yuda, nembo ya wafalme wao, juu yake. Na nje ya geti la chuo kuna mnara wa Yekatit 12, wa kuwakumbuka waliouawa na Waitalia hao hao Februari 1937. Viangalie vyote viwili kwa pamoja, kejeli ya yule simba itakuingia.

Sasa ratiba. Wakala mmoja aliniandalia mlima Entoto, ulio juu ya jiji, asubuhi ya kwanza kabisa. Mimi mtu wa Tanga! Jiji tu liko kama mita 2,350 juu ya bahari, ngazi za kasri zilinitoa pumzi. Entoto inapita 3,000. Nilimwambia aisogeze mwisho wa safari, akanuna, akaisogeza. Beba sweta hata kama ni Januari na jua linawaka.

Saa zao zitakufurahisha, kwani wanahesabu kama sisi: jua likishachomoza ndipo saa moja inahesabiwa. Wanaohangaika ni wageni kutoka mbali. Ila akikutajia mtu saa kwa Kiingereza, muulize ni za nani, maana huenda amekugeuzia kwa heshima au hajakugeuzia. Kalenda ni nyingine pia, miezi 13, mwaka mpya tarehe 11 Septemba kwa kawaida. Ukitaka kuona jiji likiwa barabarani, lenga Meskel, sikukuu ya Msalaba, mwishoni mwa Septemba, au Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, Januari 19. Vyumba vya kulala tafuta mapema.

Mimi ningechagua Jumatano au Ijumaa kwa makumbusho haya. Ni siku za mfungo kwa Waorthodoksi, hawali nyama, mayai wala maziwa, kwa hiyo mikahawa inapika mboga na dengu kwa bidii. Agiza beyaynetu ya mfungo: injera moja pana, ule mkate wao laini mchachu kama chapati, juu yake vijirundo vya shiro (rojo la unga wa jamii ya kunde), dengu nyekundu, kabichi, mchicha. Ule kwa mkono wa kulia, ushushie na kahawa, kisha teremka kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa kwa Lucy. Ni mteremko, hata sisi wa pwani tunaumudu.