Tombak ya ngozi ya mbuzi kwenye joto la Dar

Mpiga dumbaki wa taarab akiishika tombak, ngoma ya Kiirani ya kupigwa kwa vidole, ataanza kutafuta skurubu za kukazia ngozi, na hatazikuta. Hii ni ya kawaida: gogo moja la mti wa jozi (walnut) lililochongwa kama kikombe cha mguu mrefu, ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwa gundi, urefu sentimita 45, uso sentimita 28 hivi. Hulazwa juu ya paja la kushoto, ngozi ikitazama kulia.

Ngozi ikiwa imekaza, sauti yake haina mfano: "tom" ya katikati nzito, "bak" ya ukingoni kavu, na "riz", vidole vya mikono miwili vikifuatana mfululizo bila pengo. Hossein Tehrani (1912–1974), aliyeifanya tombak isikilizwe peke yake badala ya kusindikiza tu, alitegemea sana ufundi huo wa vidole. Na riz ndiyo ya kwanza kufa hapa kwetu. Unyevu wa masika hulegeza ngozi, vidole vinazama, "bak" inageuka kishindo butu.

Dawa ni joto la polepole. Taa ya wati 60, ile ya zamani inayotoa joto, sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, huku ukiigeuza ngoma na kuigonga kila baada ya dakika chache. Makaa hapana, hata kama ngoma zetu zinayavumilia: gundi italegea upande mmoja na ngozi itachomoka. Chumba chenye kiyoyozi huleta kinyume chake, ngozi inakaza hadi inalia debe. Hapo pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo katikati, bila kugusa ukingo wenye gundi, usubiri.

Ukienda kununua tombak, kabla ya kulipa mulika tochi kwenye tundu la chini utafute nyufa. Kisha gonga ukingo mzima kwa kidole kimoja. Panapotoa sauti iliyokufa, gundi imeachia. Pitisha na dole gumba: ukingo mkali utaumiza vidole.

Kwa mazoezi ya ndani, inunue ya ngozi ya mbuzi bila wasiwasi. Kwa harusi ya uwanjani usiku, afadhali yenye ngozi ya plastiki, ingawa "tom" yake ni nyepesi. Maikrofoni iwekwe upande wa ngozi. Ikiwekwa kwenye tundu la chini utasikia mvumo tu, vidole vyote vimepotea.