Mwaka mmoja bila tyubu: uzoefu wangu na maziwa ya tairi katika mbio ndefu za baiskeli za mtu mmoja

Mwiba wa mgunga unauona na unaukwepa. Mbigili huuoni. Ni mmea unaotambaa chini, wenye maua madogo ya njano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande vipande vyenye miiba migumu. Kipande kikianguka vyovyote, mwiba mmoja hubaki umetazama juu. Yeyote anayeendesha baiskeli ya milimani kutoka Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, kupita Oldonyo Sambu kuelekea nyika ya Longido anajua ninachosema. Mwaka niliokuwa bado natumia tyubu, daftari langu la mazoezi lina pancha 23. Nyingi zilitokea nikiwa peke yangu.

Hapo ndipo uamuzi ulipotoka. Nilikuwa najiandaa kwa mbio za saa 12 za mtu mmoja, zile ambazo hakuna mwenzako wa kupokezana naye mizunguko. Ukisimama, hakuna anayeendelea kwa niaba yako. Mashindano ya namna hii yana historia ninayoipenda sana: mwaka 1996 Mmarekani John Stamstad alitaka kuendesha peke yake kwenye mbio za saa 24 za Canaan, West Virginia, zilizokuwa za timu za watu wanne. Akajiandikisha kama timu nzima, kwa majina manne yaliyotokana na jina lake mwenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza: mtu kama huyu anafikiria nini usiku wa manane gurudumu likianza kulegea?

Nikanunua vifaa vya tyubulesi. Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unaondoa tyubu, unabandika utepe maalumu ndani ya ringi ili matundu ya spoki yasivujishe, unafunga nozeli yake, unavalisha tairi inayokubali kutumika bila tyubu, kisha unamimina maji meupe ya mpira. Sisi tunayaita maziwa, maana yanafanana na utomvu wa mpapai. Ndani yake mna chembe ndogondogo. Tairi likitobolewa, upepo unaotoka unayasukuma maziwa hadi kwenye tundu, chembe zinakwama hapo na mpira unaganda. Chupa ya nusu lita ilinigharimu shilingi 60,000 pamoja na usafiri kutoka Nairobi, na kwa tairi zangu za inchi 29 naweka mililita 110 kila moja.

Kuzifunga ndiko kulikonichosha. Pampu ya mkono haikutosha hata kidogo, kwa sababu tairi linahitaji upepo mwingi wa ghafla ili kingo zake ziruke na kukaa kwenye ringi. Nilikwenda kwenye kituo cha mafuta, na pale pia nilikwama: nozeli za baiskeli zangu ni zile nyembamba za Kifaransa, na mashine ya upepo ni ya nozeli za magari. Nunua adapta mapema, ni kitu kidogo sana na bila hicho siku inapotea. Fundi wa magari aliyekuwa jirani ndiye aliyeniokoa. Alipaka kingo maji ya sabuni, akatoa kiini cha nozeli ili upepo uingie kwa kasi, na mara tukasikia milio miwili mikubwa, pa! pa!, tairi likakaa. "Hii si ngeni, kaka," aliniambia, "ni ya gari, imepungua tu ukubwa."

Jambo la kwanza nililolihisi ni presha. Na tyubu nilikuwa najaza hadi psi 35, kwa kuogopa jiwe lisiibane tyubu kwenye ringi na kuacha matundu mawili pacha. Sasa naendesha na psi 20 mbele na 23 nyuma, uzito wangu ukiwa kilo 68. Tairi linalala juu ya mawe badala ya kurukaruka. Kwa mtu wa saa mbili hiyo ni raha tu. Kwa mtu wa saa nane, ni mikono isiyokufa ganzi na mgongo unaokubali kurudi kesho yake. Mazoezi yangu yote yalijengwa juu ya Jumamosi moja ndefu: nilianza na saa tatu, nikapanda taratibu hadi nane, wiki tatu za kuongeza na moja ya kupumzika, kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea bila kuhema. Ratiba kama hiyo haivumilii kukatizwa. Ukishuka mara tatu kuziba pancha, unapoteza dakika, na pia mapigo ya moyo yanashuka, misuli inapoa, na ule utaratibu wa kula kidogo kila nusu saa unavurugika. Mimi nala ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha na kashata, na nimejifunza kwamba siku ninayosimama sana ndiyo siku ninayosahau kula.

Sasa niseme ubaya wake, maana ulinikuta.

Mwezi wa Februari niliondoka Mto wa Mbu alfajiri kuelekea Engaruka. Vumbi laini, jua kali, na mimi peke yangu. Maziwa nilikuwa nimeyajaza mwanzoni mwa Desemba, na chupa iliandikwa kwamba yanadumu miezi mitatu hadi sita. Kwenye baridi huenda. Kwenye joto letu yalikuwa yamekwisha. Tairi la nyuma lilipoanza kulegea nililizungusha ili tundu liangalie chini, nikasubiri povu jeupe. Halikutoka kitu. Nilipofungua nilikuta ngozi kavu ya mpira imebandika ukutani, na hakuna tone.

Nilikuwa na tyubu moja ya akiba, na hiyo tu. Nikaanza kupapasa ndani ya tairi kwa vidole kutafuta mbigili. Nilitoa nne. Wakati huo mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa anapita na mbuzi wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa?"

"Imeishiwa upepo, mzee. Nimetoa miiba minne, sasa naweka mpira."

"Ngoja. Hesabu tena."

Alilichukua tairi, akalipindua ndani nje juani, akapitisha pindo la shuka lake taratibu kuzunguka lote. Kila nyuzi ziliponasa, alisimama na kutoa mwiba kwa ncha ya kisu. Alipata mitatu mingine. Kisha akainua mguu akanionyesha soli ya katambuga zake, zilizokatwa kwenye tairi la gari, zikiwa zimejaa mbigili zilizovunjikia humo. Hivyo ndivyo anavyozisafisha kila jioni, aliniambia. Kama ningeingiza tyubu ile kwa kuamini vidole vyangu, ingetoboka kabla sijafika mita mia. Nilirudi nayo hadi Mto wa Mbu salama, na tangu siku hiyo kwenye begi la chini ya kiti nina kipande cha kitambaa cha pamba.

Kwa hiyo nasema wazi: mbigili ambayo maziwa yameiziba haijaondoka. Bado imo ndani ya tairi, na siku utakayorudi kwenye tyubu itakungoja.

Tangu Februari nafungua kila baada ya wiki sita, siyo miezi mitatu. Naingiza kijiti chembamba kwenye nozeli iliyotolewa kiini, kama fundi anavyopima oili, na kikitoka kikavu naongeza. Gharama inapanda, ndiyo. Lakini sijakwama tena.

Mbio zenyewe zilikuwa mwezi wa Agosti, mzunguko wa kilomita 11 msituni na kwenye mashamba, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mzunguko wa tano nilisikia psss, nikaona matone meupe yananirukia mguuni. Niliendelea kukanyaga. Mizunguko kumi au kumi na miwili ya gurudumu, sauti ikakatika. Mzunguko wa kumi jiwe lenye makali lilichana tairi karibu na ukingo, tundu kubwa kuliko uwezo wa maziwa. Hapo nilitumia uzi wa pancha, ule ule ambao mafundi wa magari huusukuma kwa sindano, ila mwembamba zaidi. Dakika tatu, pamoja na kuongeza upepo kwa pampu. Sikutumia ile chupa ndogo ya gesi ya kujazia tairi haraka, kwa sababu baadhi ya maziwa huganda yakikutana na baridi ya gesi ile; soma maelezo ya chupa yako kwanza. Nilimaliza mizunguko 14, kilomita 154. Mwaka uliotangulia, kwenye njia hiyo hiyo, niliishia tisa nikiwa na tyubu mbili mbovu mfukoni.

Simshauri kila mtu. Kama unaendesha kwenda kazini na kurudi, na fundi yuko kwenye kila kona, tyubu na viraka vinakutosha kabisa na ni nafuu mno. Kama ringi zako ni za zamani, zenye kingo fupi, tairi linaweza kuchomoka kwenye kona, na hilo ni hatari. Kama hutaki kushika uchafu wa maziwa kila baada ya wiki kadhaa, usianze. Yakimwagika kwenye nguo hayatoki.

Lakini wewe unayejiandaa kwa safari ndefu ya peke yako kwenye nchi ya miiba, weka. Jaza mwenyewe, si fundi, ili ukikwama porini mikono yako iwe inaijua kazi. Beba tyubu moja, adapta, uzi na sindano yake, na kitambaa. Mimi nimebandika plasta kwenye fremu, chini ya kiti, na juu yake naandika tarehe kila ninapojaza. Ya sasa inasema 3 Oktoba. Katikati ya Novemba natoa kiini cha nozeli, naingiza kijiti.