American Beauty ya kutafsiriwa: yule mama hakuwa anachekesha

Nina hasira na naandika nikiwa nazo hivi hivi, maana nikisubiri zipoe nitaishia kusema ah, ni muvi tu, na sitaki kusema hivyo.

Mwezi uliopita, kama sio ule wa kabla yake, nilipita pale ninapowekewaga muvi kwenye flashi, banda moja la mtaani kwetu hapa Dar, nikamwambia kijana naomba American Beauty, ile ya 1999 ya Sam Mendes. Niliwahi kuiona nikiwa chuo, vipande vipande kwenye laptop ya rumeti wangu, nikawa nakumbuka tu kwamba iliniumiza. Akaniwekea. Nafika nyumbani nafungua, kumbe ni ya kutafsiriwa, DJ anaongea juu ya sauti za watu. Wala sikukasirika, mimi nimekulia kwenye hizo, na mama mdogo wangu ninayekaa naye hajui Kiingereza, kina DJ ndio waliomfanya apende muvi za nje. Nikasema afadhali, tutaangalia wote. Jumapili jioni tukakaa, yeye kwenye kochi na ungo wa mchele mapajani anachambua, mimi chini kwenye mkeka.

Kwa ambaye hajaiona: ni familia moja ya Marekani kwenye mitaa ile ya nyumba zinazofanana, majani yamekatwa, mlango mwekundu, maua ya waridi mbele. Baba anaitwa Lester, ana miaka 42, mama ni Carolyn, dalali wa nyumba, binti yao ni Jane. Ukipita nje utasema hawa wamefika, lakini ndani wakikaa mezani chakula cha jioni hakimezeki. Na anayesimulia ni Lester mwenyewe, anakwambia mwanzoni kabisa kwamba haumalizi mwaka huo atakuwa amekufa.

Sasa kuna sehemu mapema tu, Carolyn kapewa nyumba ya kuuza. Anafika asubuhi, anavua nguo nzuri anabaki na ya ndani, anasugua nyumba ya mtu mwingine, vioo, sakafu, kila kona, huku anajiapiza kwamba lazima ataiuza leo. Wateja wanakuja wanazungusha macho. Mmoja analalamika bwawa la kuogelea halifanani na lilivyosifiwa kwenye tangazo. Wote wanaondoka. Jioni anabaki peke yake, anafunga mapazia ya mlango wa vioo, halafu analia. Kilio chenye sauti, cha mtu aliyekibana siku nzima. Halafu anajipiga makofi usoni, mwenyewe, anajigombeza anyamaze, anajiita dhaifu. Akishanyamaza anajiweka sawa anatoka kama hakuna kilichotokea.

Mikono ya mama mdogo ikasimama kwenye ungo. Nilimwona. Akafungua mdomo akasema kitu, taratibu, kama anamwambia yule mama kwenye tivii, na mimi sikusikia, kwa sababu wakati huo huo DJ anapiga kelele "oyaaa mama kachanganyikiwa, nyumba imemkataa, ongeza kofi mama ongeza!" halafu akaanza kutuma salamu. Salamu! Kwa washkaji zake wa gereji, kwa nani sijui aliyesafiri. Kile kilio chote kikaishia chini ya salamu za watu wa gereji. Nikamuuliza mama mdogo umesemaje? Akasema "hamna, we angalia." Nimemuuliza tena siku nyingine akasema hakumbuki.

Huyu ni mwanamke aliyekuwa na duka la vitenge miaka na miaka, akalipoteza, na sijawahi kumwona analia hata siku moja. Mara moja tu katika maisha yangu alitaka kusema kitu.

Kesho yake nikarudi bandani, sio kudai hela, hela yenyewe jero, nilitaka orijino yenye maandishi chini na nilitaka kumwambia yule kijana kwamba ile tafsiri haifai. Hata hakutoa macho kwenye kompyuta. "Sista, hiyo si imeandikwa komedi? Komedi watu wanacheka. Kama unataka kulia chukua za Kihindi." Na mteja mwingine akacheka. Nikaondoka bila muvi.

Basi orijino nikaipata kwa mfanyakazi mwenzangu, nikaiangalia peke yangu usiku na hedfoni, nikiwa nimejiandaa kabisa kuja kuandika kwamba muvi ni kumi kwa kumi na DJ ni sifuri. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kadiri ninavyoangalia naona yule DJ hakuzua peke yake. Muvi yenyewe inamcheka Carolyn! Ule mlio kwamba mama kachanganyikiwa upo mle mle tangu mwanzo, DJ kauongezea sauti tu.

Chukua ile sehemu ya kochi. Lester ameshaacha kazi, kamtishia bosi mpaka kalipwa mshahara wa mwaka mzima, kaenda kukaanga baga, kaitoa Camry yake kajichukulia Pontiac Firebird ya 1970 bila kumuuliza mtu. Mama anarudi, wanaongea vizuri kidogo, mume anamsogelea kutaka kumbusu, na mama anaona ile bia mkononi inataka kumwagika kwenye kochi la hariri ya Italia la dola 4,000, anasema. Basi kosa! Mume anafoka kwamba hilo ni kochi tu, na muziki, kamera, kila kitu kinataka tukubaliane naye kwamba mwanamke huyu kauza roho yake kwa vitu. Haya niambieni, Firebird sio kitu? Gari la baba linaitwa uhuru, kochi la mama linaitwa ulimbukeni, na aliyebaki na kazi kwenye ile nyumba ni nani?

Na muda wote huo baba anamtamani rafiki wa binti yake, mwanafunzi wa shule, na tunaambiwa ndiyo anaamka hivyo, anaanza kuishi. Mwishoni anajizuia, sawa. Lakini mama akitoka na mwanaume, tena mtu mzima mwenzake, inakuwa kichekesho cha kuwafumania dirishani pale kwenye baga.

Ilipata Oscar 5, mojawapo ikiwa ya Alan Ball aliyeandika, na Kevin Spacey akachukua ya kwake kwa kumcheza baba. Annette Bening aliyemcheza Carolyn alitajwa tu, akakosa. Mimi siwezi kuelewa. Kwa sababu pale anapojipiga makofi yule mama wa watu anaikatalia muvi nzima, wao wanataka tumcheke na yeye anakataa kuchekwa. Na kuna mama wa jirani, mke wa yule kanali mstaafu anayempiga mtoto wake, dakika zake chache mno, anakaa tu kama kapigwa ganzi, Jane anapofika anamwomba radhi kwamba nyumba haijakaa vizuri, na nyumba inang'aa hakuna hata kijiko kimepotea mahali pake. DJ pale hakusema kitu, nadhani alikuwa anakunywa maji.

Kwa hiyo nyota sijui niwape ngapi. Nilishaandika nane nikafuta, nikaandika nne. Iangalieni, ila orijino, na mwangalieni mama, msimfuate baba na maneno yake matamu.

Kuna kitu nilikiruka makusudi kwa sababu kinanipunguzia hasira na DJ. Mwishoni Lester ameshapigwa risasi, Carolyn anaingia chumbani, naye alikuwa na bastola yake kwenye mkoba, anautupa mkoba, anafungua kabati, anakumbatia mashati ya mumewe yote kwa pamoja anaanguka nayo analia. Yule DJ, ambaye saa mbili nzima hakufunga mdomo, alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini kabisa, "kumbe mama wa watu alikuwa anampenda." Akanyamaza. Hakuna salamu, hakuna oyaa.

Mama mdogo akaitikia "enhee", akabeba ungo wake akaenda jikoni akaanza kuosha mchele, usiku ule, na tulikuwa tumeshakula.